Mkwe Mpiga Tarumbeta wa Makomeno

Nobuo Ishizaka alikuja Lubumbashi kwa siku sita tu. Mpiga tarumbeta wa bendi moja ya jazi ya Osaka alikuwa ameugua jino, naye Nobuo, aliyezeekea kwenye baa za hoteli na meli za watalii, akaitwa kuziba pengo. Hiyo ni miaka kumi na mitatu iliyopita. Bendi ilirudi Japani. Yeye alikwisha kumwona Kapinga, muuza dawa, na tiketi yake ikaozea mfukoni.

Leo mtaa mzima wa Makomeno unamjua Papa Nobu. Jumamosi hupiga jazi hotelini, siku nyingine hufundisha sebuleni, na majirani wamezoea kusikia noti moja ikirudiwa mara arobaini. Mama mkwe wake peke yake, Mama Ngalula, ndiye hajawahi kumsikia. Kwa mama huyo wa Kasai, mtu wa mila za zamani, kupuliza tarumbeta si kazi. Huwaambia wageni kwamba mkwe wake hutengeneza friji.

Mama alipotimiza miaka themanini, Kapinga alimwomba mumewe apige kwenye sherehe. Nobuo alikubali kabla mkewe hajamaliza kusema. Ndipo akaja Jeannot, kaka yake Kapinga.

"Shemeji, mbele ya mama buko muntu haezi kufungula kinywa. Hata kula hapana."

"Sitakula. Nitapiga."

"Na ile mashavu? Inavimbaka sawa vile unatafuna bukari!"

Nobuo hakucheka. Desturi hiyo ya buko, yaani ukwe, aliijua: hajawahi kula mbele ya Mama Ngalula, na maneno yao hupitia kwa Kapinga. Kupuliza mbele yake kungekuwa matusi. Kughairi kungemwacha fundi friji mpaka kufa.

Siku yenyewe aliinama kwa heshima, kisha akaugeukia ukuta. Akapiga.

"Njo style," mgeni mmoja akanong'ona. "Ba-jazz banafanyaka vile."

Alipiga wimbo wa mbio, akapiga wa polepole, macho kwenye msumari mmoja, masikio yote nyuma. Alipomaliza, hakuna aliyepiga makofi. Wote walimtazama Mama Ngalula, naye akamvuta Kapinga mkono.

"Ambia bwana yako shimizi imepasuka mu mugongo."

Ukumbi ukaangua kicheko. Shingo ya Nobuo ikawa nyekundu juu ya kola ya shati hilo.

"Na arudilie ile ya polepole. Ile ya mbio haina kitu."

Kapinga alimfikishia ujumbe, ingawa ukumbi mzima ulikuwa umeusikia. Nobuo hakugeuka. Aliinua tarumbeta, akaanza upya, polepole kuliko mara ya kwanza.