Nyama ya Faini

Nakumbuka asubuhi moja ya msimu wa kuvuna pamba, mwanangu, nilipopakia magunia mawili ya mpunga na kuku saba kwenye mkokoteni wa punda, nikiwa na miaka ishirini na miwili na kujiona mtu mkubwa. Ukungu ulikuwa haujaondoka mashambani. Punda alikuwa akizama ndani yake na kutokeza tena, nami nyuma yake naimba jina la mjomba wangu kana kwamba ni wimbo wa kanisani. Siku hizi nikikaa peke yangu asubuhi ile hunijia yenyewe, hata sijui tena kipi nilikiona na kipi nilikiota baadaye. Ila jina la mjomba nililiimba kweli, hilo sina shaka nalo.

Usiangalie saa. Niache nitandaze viazi hivi juani huku nasema, michembe ya mwaka huu isiharibike kwa ajili yako. Ulikuja juzi kuniomba fahali wangu, yule mwekundu, nimtoe kwa wazee wa kijiji achinjwe na kuliwa, ili watu wasahau kwamba michango waliyokupa ya kampeni ya udiwani umeezekea nyumba yako. Wengine wanataka upelekwe polisi. Wewe unasema, "Mama, haya si mambo ya kumalizana nyumbani? Mimi ni mtu wa kufungwa kweli?" Nikakuomba siku mbili za kufikiri. Zimekwisha, na jibu langu linaanzia kwenye ule mkokoteni.

Mjomba Masanja, kaka wa bibi yako, alikuwa anagombea udiwani huku kwetu upande wa Runzewe. Alikuwa mtu wa kupendeza, nisimsingizie marehemu. Akikusalimia unajiona umevaa nguo mpya. Watu hawakuwa na fedha, lakini walimtaka, kwa kuwa aliahidi kisima, basi kila kaya ikatoa ilichonacho. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na mwandiko wangu unasomeka, ndipo wakaniweka kuwa mtunza michango. Nkwimba, mjane aliyekaa mwisho wa kijiji, alikuja akivuta kamba. Mwisho wa kamba kulikuwa na mtamba wake mmoja tu, mweusi, ana baka jeupe kifuani, hajazaa bado.

"Kuku sina," alisema. "Mchukueni huyu. Nataka na mimi ninywe maji ya karibu kabla sijafa."

Nikacheka, nikaandika jina lake, nikaenda kuuza mifugo na mpunga wa watu Runzewe.

Wiki hiyohiyo mjomba alirudi kutoka Rwamgasa macho yanamng'aa. Kulikuwa na shimo la dhahabu, wachimbaji wanaliita duara, na wenzake walikuwa wamefika kwenye mwamba wenye rangi, dalili ya dhahabu. Alitakiwa mtu wa kuongeza fedha za mbao za kuzuia kuta na chakula cha wachimbaji. "Mpwa wangu," akaniambia, "tunaziweka pale wiki tatu tu. Zinarudi zimezaa. Kisima chenyewe tunakichimba hata kura hazijapigwa." Wewe unajua sisi watu wa huku. Mtu akitutajia mwamba wenye rangi, masikio yanaziba kwa mengine yote.

Nilikwenda naye nikajionee. Vumbi lilikuwa limesimama hewani, haliendi wala halishuki, na jua nyuma yake limefifia mpaka unaweza kulitazama bila kufumba macho. Watu walitoka ardhini mmoja mmoja, weupe kwa unga wa mawe. Kila kitu kilikuwa mbali, hata miguu yangu mwenyewe. Mchimbaji mmoja akaniwekea jiwe kiganjani, akalilowesha kwa mate, akalisugua kwa kidole. Nikaona chembe inametameta. Basi, nikafungua khanga kiunoni nikamkabidhi mjomba fedha za watu palepale, kwa mkono wangu huu. Sikulazimishwa, mwanangu. Nilipenda mwenyewe.

Mvua ilikuja mapema mwaka ule. Duara likajaa maji, kisha likabomoka. Kampeni nayo ikafia njiani, maana hakukuwa na hata fedha ya mafuta ya pikipiki, na kiti akapata mwingine ambaye hakuahidi kisima kabisa.

Kijiji kikaitana. Wewe umezaliwa hapa, unaujua mchenya. Mtu akiikosea jamii anatozwa ng'ombe, ng'ombe anachinjwa, wote wanakula, na neno linakwisha. Akikataa anatengwa, hapati hata wa kumpa kaa la moto. Ni desturi nzuri kwa mambo yake. Lakini siku ile baadhi ya wazee walikataa. Walisema huu si ugomvi wa mpaka wa shamba, hii ni michango ya uchaguzi, apelekwe polisi Ushirombo na sheria imfunge. Mjomba akainamisha kichwa. Mimi nikaruka kutoka upande wa wanawake nikapiga magoti mbele yao. Nililia hasa! Nikauliza watoto wake watakula nini. Nikasema jela ni ya wezi, na mjomba wangu si mwizi, ameteleza tu. Kwamba fedha nilizitoa mimi, hilo sikulisema. Wazee nao ni binadamu, wakalainika, na mjomba akaleta fahali.

Jumamosi yake tulikula. Ah, tulikula! Wazee waliotaka polisi ndio walioshika mapaja. Mjomba alizunguka akiwaongezea watu mchuzi, anataniana na kila mtu, utadhani ni harusi yake. Nkwimba alifika watu wamekwisha kukaa. Hakuchukua sahani, alikuja moja kwa moja mpaka mbele yangu.

"Shikamoo, mama," nikasema, mdomo umejaa.

"Marahaba. Nyama ni tamu?"

"Ni tamu, mama."

"Kula, mwanangu. Aliyekosea amekula, na ninyi mliokosewa mmekula. Sasa mtamba wangu mimi nimdai nani? Nikiuliza kesho mtaniambia neno limekwisha." Hakupaza sauti hata kidogo. "Ulilia vizuri sana siku ile. Mimi nilikuwa nyuma yako, na mimi nilikuwa nalia, ila hakuna aliyegeuka."

Akaondoka. Pande la nyama nililokuwa nalo mdomoni nililimeza bila kulitafuna, na nikaona haya kama sijawahi kuona maishani.

Unafikiri mjomba alijifunza? Uchaguzi uliofuata aligombea tena, akawasalimia watu vilevile, wakachanga vilevile, naye akaila michango vilevile, safari hiyo bila hata kuhangaika kwenda Rwamgasa. Fahali wa faini alikuwa ameshamtenga zizini kabla kampeni haijaanza. Tulimfundisha wenyewe kwamba kula michango kuna bei yake, na bei yenyewe ni nyama ambayo naye atakula.

Nkwimba nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Nilikuwa nimepeleka michembe Rwamgasa kuuza, nikapita mahali ambapo wanawake wanaponda mawe kwa nyundo kwa ujira mdogo. Mmoja wao alikuwa mweupe kwa vumbi kichwa mpaka miguu, nikamtazama kitambo kirefu, nikidhani nimesinzia nikitembea. Yeye ndiye aliyeanza. "Mwanangu, mbona umekonda?" Akanipa maji kwenye kidumu chake, maji ya kununua, nami nikanywa. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia kwamba fedha za mtamba wake zilipita mkononi mwangu. Nikasema asante, nikaenda zangu. Alifia hukohuko, na mimi hilo neno ninalo mpaka leo.

Sasa nisikilize. Umeniuliza kama mtu anayekula michango ya uchaguzi ni wa kufungwa. Ndiyo, mwanangu. Ni wa kufungwa. Najua jela si mahali pazuri na haimrudishii mtu ng'ombe wake, ndiyo maana kurudisha kunaanza, kisha jela inafuata, moja halifuti jingine. Kijana akiiba kuku mnadani Runzewe tunampeleka polisi mbele ya watoto wake. Akila kuku wa kata nzima tunamwita mheshimiwa na kumtafutia fahali wa kumtetea. Mimi nimeshawahi kumtetea mtu wa namna hiyo kwa machozi, na nimeona yalikomwagikia.

Kwa hiyo fahali wangu hachinjwi. Jumanne anakwenda mnadani, na fedha yake inarudi kwa wale akina mama waliokuchangia, nyumba kwa nyumba, na utawapelekea wewe mwenyewe kama utakuwa nje. Ukiwa ndani nitawapelekea mimi. Isipotosha, bati za nyumba yako zinashuka ziuzwe. Na leo hii unakwenda Ushirombo kwa hiari yako, kabla hawajaja kukuchukua, unamweleza polisi yote. Nikiitwa kutoa ushahidi nitakwenda, na nitasema uliyoniambia, bila kuongeza wala kupunguza. Usinitazame hivyo. Nimekunyonyesha miaka miwili, nakupenda si kidogo. Wakikufunga nitakuja kila siku ya wageni na ugali na mlenda, na wakiniuliza mimi ni nani yako nitataja jina lako kwa sauti.

Na wenzako wanaojiandaa kugombea, waambie hivi: mchango wa mtu maskini usiuguse kwa jambo jingine hata kwa wiki tatu, hata kama una hakika utaurudisha mara kumi. Usipokee kama huwezi kueleza ulikokwenda. Na ukikosea, usimtume mama yako alie.

Mungu akutangulie, mwanangu. Akupe kusema lote, akulinde huko ndani usiote chuki, na siku utakayotoka, hata kama ni mzee mwenye mvi, akujalie watu waitikie salamu yako. Haya, inuka ukavae shati safi. Gari la Ushirombo linapita saa nne, na mimi natafuta viatu vyangu, tunakwenda wote.