Vidudu Weusi wa Syokau

Syokau si mtu wa kupita kitu bila kukigeuza aone upande wake wa chini. Mumewe, Mwololo, anayelinda geti la kiwanda kimoja hapo Kitengela, humtania kwamba hata mgeni akija nyumbani, mkewe angependa amgeuze kwanza. Shamba lao ni robo eka nyuma ya nyumba, udongo mweusi unaonata kwenye buti wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa jua. Humo amepanda mistari kumi na minane ya sukuma wiki.

Miaka minne iliyopita alikuwa akipiga dawa kwa pampu, upepo ukamrudishia usoni. Macho yalimwasha siku mbili nzima, akaapa kwamba pampu ile haitaingia tena shambani mwake. Tangu hapo alipigana na wadudu kwa vidole. Kila asubuhi aligeuza majani akawasaga vidukari, wale wadudu wa kijivu wanaojazana chini ya jani na kulifyonza mpaka linajikunja. Pamoja nao aliwasaga vidudu weusi wenye mabaka ya rangi ya chungwa, wadogo kama punje ya mchele lakini wenye sura mbaya kupindukia. Hao ndio hasa aliowachukia. Palipojaa vidukari ndipo walipoonekana wengi, kwa hivyo aliamini kwamba ndio wanaowazaa.

Ubaya ni kwamba hakukaa na imani hiyo peke yake. Wanawake kutoka Ukambani wanaoishi mtaa ule wana mwethya wao, kikundi cha kulimiana kwa zamu, Jumamosi hii kwa huyu, ijayo kwa yule. Syokau ndiye waliyemwita mwalimu. Aliwazungusha shambani akiwaonyesha: "Mkiona haka keusi, finya. Haka ndio mama yao."

Mwaka huu vidukari walikuja kwa fujo, majani yakaanza kunata na kugeuka manjano. Mwololo akarudi jioni moja na nusu chupa ya dawa ya kupe aliyopewa na jirani yao mfugaji, Kisemei.

"Kisemei anasema ni tone tu kwa maji, wote wanalala."

"Hiyo ni ya ng'ombe, Baba Muema. Watu watakula hizi mboga."

"Na zikikauka, sisi tutakula nini?"

Swali hilo lilimchoma, maana ada ya shule ya mtoto wao Muema ilitoka kwenye mistari ile. Aliomba apewe muda mpaka zamu yake ya mwethya ifike, wiki mbili hivi. Mwololo akaitundika chupa stoo, akasema siku hiyo ikipita atapiga mwenyewe.

Kesho yake Syokau alimshika kidudu mweusi, akakaribia kumfinya, kisha akajiuliza swali ambalo miaka yote minne hakuwahi kujiuliza. Je, huyu mama huzaaje? Alitaka kumfumania akizaa. Alimtia ndani ya chupa ya jamu pamoja na jani lenye vidukari thelathini, aliowahesabu mara mbili, akafunika kwa kitambaa.

Asubuhi hapakuwa na kidukari hata mmoja. Alikagua kitambaa kama kina tundu. Hakikuwa nalo. Akatia jani lingine, akaketi juu ya mtungi wa plastiki wa maji, macho yake yakiwa karibu kugusa chupa. Kidudu alitembea, akampapasa kidukari mmoja, akamkamata na kuanza kumla, mpaka ikabaki ngozi tupu.

"Wewe!" Syokau alisema kwa sauti.

Siku ya nne kidudu aliacha kula, akajibandika mkia kwenye kioo akatulia. Syokau alidhani amekufa, akasikitika kuliko alivyotarajia. Jumatano iliyofuata akakuta ngozi imepasuka na mdudu wa mviringo ametoka, wa manjano na laini. Alisahau kabisa uji motoni. Mbele ya macho yake mgongo ule ulianza kupata rangi, madoa meusi yakijitokeza polepole, na kabla ya jioni ulikuwa mwekundu. Alimfahamu. Ni wale wadudu warembo ambao watoto huwatembeza vidoleni uani mwa kanisa, na ambao yeye mwenyewe hakuwahi kuwagusa. Kumbe alikuwa akiwaachia wazazi na kuwaua watoto wao.

Mwololo alichungulia chupa, akacheka mpaka akakohoa, kisha akaenda mwenyewe kumrudishia Kisemei dawa yake. Kumwambia mume kulikuwa rahisi. Ugumu ulikuwa kwa Nthambi. Katika mwethya hakuna aliyefuata masomo ya mwalimu kwa bidii kama Nthambi, na msimu uliopita sukuma zake zilikauka zote. Alirudisha shamba alilokodi kwa mwenyewe, sasa hufua nguo za watu. Kila Syokau alipofikiria kumwambia, ulimi ulikuwa mzito.

Jumamosi ya zamu yake ikafika akiwa hajamwambia yeyote wa mwethya. Alikuwa jikoni akiwapikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, aliposikia vicheko shambani. Alitoka na birika la chai, akamkuta Nthambi amemwinulia vidole vilivyochafuka.

"Mwalimu, pumzika. Tumemaliza mistari mitano. Hatujaacha hata mama mmoja!"

Angeweza kushukuru, amimine chai, na hakuna ambaye angejua kamwe. Lakini Nthambi alikuwa tayari ameinamia mstari wa sita.

"Simama! Msiue tena!"

Aliweka birika chini akawaeleza yote, habari ya chupa, ya vidukari thelathini na ya mdudu mwekundu, bila kutia sukari. Hakuna aliyecheka. Nthambi alivitazama vidole vyake.

"Kwangu nilifinya kila siku, Mama Muema. Hata Jumapili kabla ya kanisa."

"Najua. Ni mimi nilikufundisha. Nilikufundisha kitu sikuwa nimeangalia."

Nthambi alijifuta mkono kwenye sketi, pole pole, kidole kwa kidole. Kisha akageuza jani la mstari wa sita, akamwona kidudu mweusi mmoja akitembea katikati ya vidukari.

"Nitakukasirikia kesho," alisema bila kuinua macho. "Leo kuja unionyeshe vile kanakula."

Syokau alichuchumaa kando yake, machozi yakimlenga, na wale wengine wakasogea kuangalia.