Wifi aliyenitia moyo nifunge ndiye aliyenitoa kwenye sinia la mama mkwe

Admin, naomba unifichie jina, maana huku Palma tunajuana hata kwa kukohoa.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tatu, nimemaliza darasa la kumi na mbili, na nimeolewa mwaka huu baada ya Idi. Kwanza niseme wazi, mume wangu nampenda jamani. Ni dereva, anatoka alfajiri, na akirudi ananiita kabla hajazima pikipiki. Jirani hunicheka, eti mtaa mzima umeshalijua jina langu. Acha wacheke. Naandika haya huku natabasamu kwa ajili yake, na huku nina hasira ya kupasua jiwe kwa ajili ya dada yake.

Kabla ya harusi nilifungiwa ndani nikalishwa wali wa nazi na pweza, hadi gauni likafungwa kwa pini. Baada ya harusi wifi yangu, ambaye naye amechumbiwa na ndoa yake iko karibu, akaniambia tuingie kwenye jejum. Si saumu ya dini, ni ule mfungo wa kupunguza mwili: asubuhi unakunywa maji au chai kavu, chakula ni kuanzia adhuhuri hadi magharibi, basi. Tukafungua kikundi cha WhatsApp na wanawake wengine wa mtaani, kila asubuhi tunatiana moyo. Wifi alikuwa wa kwanza kuandika: "Força, jikaze wifi yangu, leo tusilegee." Hata mume wangu aliacha matabicho, kile chakula cha asubuhi, ili mkate na chai ya maziwa visinitamanishe mezani. Nikamwambia ale tu, yeye anafanya kazi. Akasema, "Wewe ushinde na njaa, mimi nitafune nikikutazama? Hakitashuka." Niambieni, mwanaume kama huyu unampata wapi?

Sasa, kwenye ukoo wao bi harusi mpya huletewa chakula cha asubuhi kutoka kwa mama mkwe, kimefunikwa kawa, na desturi ni kuonja mbele ya aliyekileta, ili arudi na salamu kwamba kimepokewa. Mleta kawa alikuwa wifi huyohuyo. Nikamwambia naona haya kukataa chakula cha mama, niende nikamweleze mwenyewe. Akasema, "Mama niachie mimi, namjua, nitamweleza vizuri." Nikamwamini. Kila akija nampokea, tunacheka, chakula nakiweka, adhuhuri nakila chote na kulamba vidole. Mama mkwe wangu anajua kupika mikate ya kumimina, huo ndio ukweli.

Asubuhi moja nikamkuta wifi nyuma ya banda la muuza bajia, midomo inang'aa mafuta. Akanishika mkono, akaniomba nisimwambie mtu. Sikusema. Tena nikaandika kikundini kwamba wifi yangu leo kanishinda kwa uvumilivu. Mimi nguo zilianza kunipwaya, yeye fundi alikuwa anaongeza kitambaa ubavuni mwa gauni lake la harusi, na sikumcheka hata kidogo.

Kisha ikaja hitima ya mzee mmoja wa ukoo. Wanawake tulikaa kwenye masinia, nami kwa furaha nikaenda kukaa sinia la mama mkwe. Nilipotia mkono, yeye akautoa wake. Akaufuta kwenye kapulana aliyojifunga kiunoni taratibu, wanawake wote wanatazama. Nikamuuliza, mama, kuna nini? Akasema, "Mwanangu, anayeogopa chungu changu, na mimi naogopa mkono wake."

Nililia njia nzima. Mume wangu akaenda kumuuliza mama yake, na huko ndiko tulikoyajua yote. Wifi alikuwa akirudi kila asubuhi na kumwambia mama kwamba sionji kwa sababu naogopa kulogwa. Mama wa watu anaamka gizani kunipikia, kumbe analetewa habari kwamba namwita mchawi! Tulipomweka wifi mbele ya mama, akaapa hajawahi kusema hivyo, eti mama alimsikia vibaya. Mama hadi leo hali chakula cha mkono wangu. Wanawake wa kikundi wanajua nilikuwa kwenye jejum, lakini wote kimya, hakuna anayetaka ugomvi na bi harusi mtarajiwa. Na kesho yake asubuhi, nikiwa nimevimba macho, simu ikalia. Ni yeye: "Força, wifi yangu." Hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka.

Harusi yake imefika. Kwa desturi yao, asubuhi baada ya harusi, mke wa kaka ndiye humpelekea bi harusi kawa la kwanza nyumbani kwa wakwe zake, na mbeba kawa huimba anachotaka, wala bi harusi hana ruhusa ya kujibu. Mke wa kaka ni mimi. Wimbo ninao tayari, naufanyia mazoezi nikipepeta mchele: "Mbeba kawa alibeba na neno, bajia kinywani, sumu kwenye meno." Nataka wakwe zake wausikie wote. Nataka mama mkwe wake autoe mkono kwenye sinia, na yeye aone unavyouma.

Mume wangu nimemwimbia. Hakunikemea, alinishika kiganja tu, akasema, "Dada yangu ana kosa, sikatai. Lakini mama atausikia wimbo huo kabla hujarudi nyumbani, na atasema mkono wako aliuogopa kwa haki."

Basi ndugu zangu, nyinyi mnaosoma, nipeni neno. Niuimbe au niubebe tumboni? Njaa ya asubuhi nimejifunza kuivumilia. Hii nyingine bado inanishinda.