Bi Housna wa Hombo, mlezi anayewarudisha wasichana mchezoni

Saa moja na nusu asubuhi, umande bado haujakauka kwenye ua wa shule ya chekechea mtaani Hombo, mjini Mutsamudu, kisiwani Ndzuani. Housna anafagia majani ya mkungu yaliyoanguka usiku. Anaona kipande cha chupa, anainama, anakiokota na kukitia mfukoni. Kisha anafungua lango na kujibanza pembeni haraka, kwa sababu anajua kinachokuja.

Watoto wanaingia kama maji yaliyovunja kingo.

"Ndara! Vueni ndara kwanza!" anapaza sauti. Hakuna anayemsikia. Wawili wameshaparamia ukuta, mmoja anazunguka mkungu akijifanya gari, na binti mdogo wa miaka minne anakimbia tu, haendi popote, mikono hewani.

Housna, mwenye umri wa miaka thelathini na mitatu, anajifunga vizuri shiromani, vazi jekundu ambalo wanawake wa Ndzuani hujitanda, na kumtazama binti yule kwa tabasamu.

"Mtoto wa miaka minne hajui kutembea," anasema kwa Kiswahili alichojifunza kwa babake, aliyewahi kuuza vitambaa Unguja. "Ukimtuma maji anakwenda mbio, anarudi mbio, kopo limebaki tupu. Wa miaka sita ndiyo usiseme. Lakini ngoja afike tisa, kumi. Anaanza kuegemea ukuta. Na watoto wa kike ndio wanaotangulia."

Yeye si mwalimu. Ni mlezi: huwapokea watoto, huwaosha, huwafunga vidonda, na wakitoka kucheza ni yeye anayekaa nao. Mshahara huja ukichelewa, na kuna miezi ambayo nyumba huendeshwa na vitumbua vya mamake. Hata hivyo kazi hii anaifanya kwa mwaka wa kumi sasa. Aliianzia mji mkuu, Moroni, mwaka 1978.

Anapoitaja Moroni ya mwaka ule, ufagio husimama mkononi.

"Tulikuwa na uwanja nyuma ya shule, karibu na mtaa wa Volo Volo," anakumbuka. "Chini ni mawe meusi ya volkano, magoti ya watoto hayakuwahi kupona. Lakini furaha! Wauza samaki walikuwa wanatua beseni zao ili watazame watoto wakikwepa mpira wa rede."

Mwezi Mei mamluki walishuka pwani usiku, na asubuhi serikali ilikuwa nyingine. Wazazi walifungia watoto ndani. Shule ilipofunguliwa tena, uwanja ulikuwa umejaa malori ya kijeshi. Watoto walibaki na kiua kidogo mbele ya darasa, na hata hicho hawakukitumia. Walikaa wamepangana ukutani kama wagonjwa wanaongoja dawa.

Mmoja wao alikuwa Anli, mvulana wa miaka mitano ambaye zamani hakukamatika. Kila lori lilipowashwa upande wa pili, alijikunyata na kuziba masikio.

"Nilimbembeleza kwa pipi, nikamwimbia, wapi," anasema Housna. "Siku ya tatu nikavua viatu. Nikakaza leso kiunoni, nikamgusa begani, nikamwambia: 'Nimekupata, nikamate!' Nikatoka mbio."

Alizunguka kile kiua peke yake, mwanamke mzima, watoto wakimkodolea macho. Jirani mmoja alichungulia dirishani akashika kichwa.

"Housna! Una wazimu? Binti wa watu unakimbia mchana kweupe?"

"Nakimbia, dada! Ukitaka, shuka!"

Alipozunguka mara nyingine alisikia vishindo vidogo nyuma yake. Hakugeuka. Anli alimkamata kwa pindo la leso, na wengine wote wakawaangukia. "Nililia na kucheka pamoja," anasema. "Malori yalikuwa yakinguruma, na sisi hatukuyasikia."

Miaka mitatu baadaye mamake aliugua. Nyumba ya mama iko Mirontsy, mji ulio jirani na Mutsamudu, kwa hiyo Housna aliiaga Moroni akavuka bahari kuja Ndzuani kumuuguza. Mama alipona, na binti akapata kazi hapa Hombo.

Miongoni mwa watoto wake wa kwanza hapa alikuwemo Nouriat. Msimu wa karafuu, zinapoanikwa kwenye mikeka njiani, watoto wengine walikuwa wakiizunguka. Nouriat aliiruka yote, mkeka baada ya mkeka, wala hakumwaga hata tumba moja.

Mwaka jana Housna alipita mlangoni kwao akamkuta ameketi barazani, anachambua mchele. Alikuwa ametimiza miaka kumi. Watoto wadogo walikuwa wanaruka kamba mbele yake, na vidole vyake vya miguu vilikuwa vikicheza kwa mapigo ya kamba ile.

"Njoo uruke," Housna alimwambia.

"Bibi amesema nimekua."

Housna anasema maneno yale yalimchoma. Naye aliambiwa vivyo hivyo Moroni, siku alipopigwa marufuku kushuka ufukweni pamoja na kaka zake. Aliingia ndani kumwona bibi mwenyewe, Hadidja, mwanamke anayeheshimiwa mtaa mzima kwa uchamungu na kuogopwa kwa ulimi wake.

"Mtoto wa kike akikua hutulia," Bibi Hadidja alimwambia kabla hajakaa. "Unataka nimwachie njiani, wanaume wampigie miluzi?"

"Si njiani, bibi. Uani kwetu, siku ya Ijumaa alasiri, shule ikiwa imefungwa. Ukuta ni mrefu. Wasichana peke yao."

"Na huo mchezo utamfaa nini? Atampikia mumewe hiyo kamba?"

Housna akamuuliza swali: "Wewe, bibi, ulikuwa ukicheza nini?"

Bibi Hadidja akaanza kueleza juu ya mchanga wa Mirontsy, jinsi yeye na nduguye walivyoshindana na mawimbi, jinsi alivyokuwa akipanda mkorosho wa mjomba wake na kujirusha kwenye lundo la majani. Alieleza mpaka chai ikapoa. Mikono yake, Housna anasema, ilikuwa ikiruka yenyewe.

"Waliniita ndani siku moja tu," alimalizia. "Asubuhi nilikuwa mtoto. Jioni nilikuwa mtu mzima. Hata kuaga sikuaga."

Alifuta macho kwa pindo la shiromani, kisha akarudia ukali wake. "Ijumaa nitamleta mwenyewe. Na mlangoni nitakaa mimi. Si wewe."

Mkuu wa shule, Bwana Houmadi, alimpa Housna ufunguo, ila akamwonya asitake makuu. Ijumaa ya kwanza walikuja wasichana watano. Habari zilipoenea kwamba Bibi Hadidja ndiye bawabu, mabibi wengine wakaona hakuna aibu. Kabla ya Ramadhani ua ulikuwa umejaa.

Kelele zao ndizo zilizoleta matatizo. Ijumaa moja gari la walinzi wa rais lilisimama nje. Akashuka askari kijana, mwenyeji wa hapa hapa Ndzuani, na nyuma yake mzungu, mmoja wa mamluki wanaowaamuru. Ndani, kamba ilianguka. Wasichana waliganda walipokuwa.

Bibi Hadidja hakuinuka kwenye kiti chake.

"Bibi, tumeambiwa kuna mkutano hapa," askari alisema, macho chini.

"Upo. Wa kuruka kamba."

Mzungu alisema jambo kwa Kifaransa, akataka kupita. Bibi alinyoosha fimbo yake akaikingamisha mlangoni.

"Mwambie humu wamo wanawake. Mwanamume haingii. Akitaka, aanze na mimi. Na wewe, mwanangu, mama yako namjua, usiku huu nitalala kwake nimsimulie."

Askari alitafsiri. Housna, aliyesimama nyuma ya lango, anaamini hakutafsiri yote. Mzungu alimtazama yule kizee, akatazama fimbo, akachungulia juu ya bega lake na kuona wasichana na kamba. Alitoa kicheko kifupi kisichokuwa na furaha, akarudi garini.

Gari lilipopinda kona, hakuna msichana aliyerudi kwenye kamba. Nouriat alikuwa amejibanza ukutani. Mmoja alishaanza kuvaa viatu vyake aende kwao.

"Nilidhani ndiyo basi," Housna anasema. "Nikaona Volo Volo imerudi, watoto ukutani."

Bibi Hadidja aligeuza kiti chake, akawatazama mmoja mmoja.

"Mbona mmesimama?" aliwafokea. "Nani kawaambia mmekua?"

Nouriat ndiye aliyeokota kamba.

Tangu siku ile gari halijarudi. Wapo wanaume mtaani wanaonung'unika, na zipo familia mbili zilizowatoa binti zao. Housna hagombani nao. Husalimia, hupita.

Lakini Ijumaa iliyopita kulitokea jambo linalomkosesha usingizi kwa furaha. Mchezo ulipokwisha alimkuta nje ya lango mwanamke kijana, mtoto mgongoni, na wenzake watatu wamejificha nyuma yake wakisukumana. Alizungukazunguka na salamu, mpaka akajikaza.

"Bi Housna, sisi tulioolewa je?"

Housna ameshamwomba Bwana Houmadi ua kwa alasiri za Alhamisi. Bado hajajibiwa. Ila ameshawaambia wale wanne waje, waje bila viatu, na watoto wao wa mgongoni atawashika yeye.