Maji Kabla ya Spiriti

Mwongozo wa upimaji niliuandika mwenyewe, katika chumba cha kupanga mjini Nachingwea ambamo kwa wiki kadhaa sikuzungumza na mtu zaidi ya salamu. Utafiti wangu wa shahada ya uzamili ulihusu ubora wa vipimo vya sukari ya damu vijijini. Sentensi moja niliirudia kuliko zote: "Safisha ncha ya kidole kwa pamba yenye spiriti, subiri ikauke, kisha toboa." Nilihangaika kujua kama msomaji ataelewa kwamba kinachopaswa kukauka ni ncha, si pamba. Jambo jingine halikunijia akilini.

Mimi na msaidizi mmoja tulipima kijiji cha Mbekenyera asubuhi, msimu wa korosho ukiwa umekolea. Tuliwaambia watu waje bila kula, nao hawakula. Hata hivyo mashine iliwaonyesha wanane sukari ya kutisha. Mmoja wao alikuwa bibi mwembamba aliyetokea moja kwa moja shambani. Nilimwambia aache sukari na apunguze ugali mpaka nimletee majibu ya maabara, kisha nikachukua damu ya mshipa ya wote wanane, nikarudi nayo Nachingwea.

Majibu yalitoka upesi: wote wazima. Nami nikaamua kwamba iliyokosea ni maabara. Damu ikikaa njiani sukari yake hupungua. Hilo nililijua, na nililipenda kwa sababu lilinitoa hatiani. Kwa siku kumi na mbili nilikaa na majibu yale chumbani, nikipiga hesabu za joto na za muda wa safari, bila kumwambia mtu yeyote.

Siku ya kumi na tatu nilimpelekea mtaalamu wa maabara tuhuma zangu, kurasa nne. Alisoma ya kwanza tu.

"Walinawa?"

"Tulipaka spiriti."

"Sijauliza spiriti. Maji. Walinawa?"

Nikapekua mwongozo wangu. Neno maji halikuwemo.

"Msomi, huu msimu wa korosho. Mtu alfajiri ameshaokota, ameshanyonyoa korosho kwenye matunda yake, mabibo, mikono inanata. Spiriti haiondoi utomvu ule wa sukari. Wewe umepima bibo."

Tuliwaambia wasile. Hatukuwaambia wasishike.

Kesho yake nilichukua bodaboda hadi kwa yule bibi. Nilimkuta barazani, amekonda zaidi, na kisufuria chake kidogo kikiwa kando ya sufuria ya nyumba nzima.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umeniletea dawa?"

"Sikuleta dawa, bibi. Huna kisukari. Nilikosea mimi."

"Siku ile mashine ilisema ninacho. Leo mdomo wako unasema sina. Nishike lipi?"

Maelezo niliyoyapanga njiani yalikuwa na sehemu tatu. Sikutoa hata moja. Niliomba bibo, nikaliminya kwa vidole vyangu, nikakiacha kimoja kikauke, nikakipaka spiriti kama mwongozo wangu ulivyoagiza, nikakitoboa. Mashine ikasoma kumi na sita, sukari ya mgonjwa. Mkwe wa bibi, aliyeniletea bibo, akashika mdomo. Kisha nikaomba maji na sabuni, nikanawa, nikatoboa kidole kingine. Tano, sukari ya kawaida.

Bibi alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani. "Kumbe mgonjwa bibo! Nami nimetengewa chungu changu kama mwenye ukoma!"

Akanawa, nikampima. Naye tano. Hapo kicheko kikamwisha.

"Mwanangu," alisema, "ulijua lini?"

"Jana. Lakini karatasi ya maabara nilikuwa nayo tangu wiki ile ile."

"Ukaificha?"

"Sikuiamini."

Hakunikaripia; heri angenikaripia. Alimgeukia mkwewe na kumwambia chakula chake kiwekwe pamoja na cha wengine. Kisha akanionyesha kwa kidole nyumba ya pili, yenye bati jipya.

"Yule mliyempima nyuma yangu haendi tena shamba. Anasema afanye kazi ya nini na yeye ni maiti. Nenda kwake kwanza. Kula utakula ukirudi."

Nikafungua rejesta. Jina lilikuwepo, la pili kati ya wanane. Nyuma yangu walianza kuitana kula, kwa Kimwera nisichokielewa, nami nikavuka uwanja peke yangu, mikono ikiwa bado imelowa, nikapiga hodi.