Tableti iliyomkataa mama

Leo nusura nipigane na muuzaji dukani, hapa Nyasubi.

Nilimleta mama kutoka Samuye tumchagulie kifaa cha kuongea na wajukuu kwa video. Mimi nilishaamua tableti.

Mama akagusa kioo. Kimya.
Akagusa tena, kwa nguvu. Kimya.

"Mama, umeshaua kioo," muuzaji akasema. Duka zima likageuka.

Nikagusa mimi. Ikafunguka palepale.

Vidole vya mama vimekomaa kwa jembe, kioo hakivitambui. Na mkono alishauficha ndani ya kitenge.

Nikamsogezea laptop ndogo. Akabonyeza kitufe kwa woga, herufi ikatokea.

"Hii inanisikia," akasema.

Tumebeba hiyo.

Niambieni, mmewahi kuviangalia vidole vya mama zenu? Mimi ni leo.