Sauti ya Baba Niliyoinyoosha

Harufu ya vumbi linalopata moto ndani ya kompyuta kuukuu hunirudisha nyumbani Ihanda, sebuleni kwetu, nikiwa na miaka kumi na mitatu na kiburi cha mtu wa thelathini. Kompyuta yenyewe nilipewa na mjomba wangu wa Bukoba alipopata mpya. Kibodi ilikuwa imeng'oka herufi mbili, na feni yake ilikoroma kama mzee aliyelewa rubisi. Lakini mjomba alikuwa ameiwekea programu za kutungia muziki, zote za bure. "Hizi hazinunuliwi," aliniambia. "Zichokonoe utakavyo."

Nikazichokonoa kweli. Moja ilikuwa na visanduku ambavyo mtu huviunganisha kwa nyaya za kuchora pale kwenye kioo: kimoja hutoa mlio, kingine huupunguza makali, kingine huamua ufifie upesi au taratibu. Hukuti sauti iliyo tayari, unaiunda mwenyewe tangu mwanzo. Niliunda filimbi, nikaunda mbuzi aliyekasirika, mama akaniuliza kama hayo ndiyo niliyopelekwa shule kusomea.

Baba yangu alilima kahawa na migomba kama majirani wote, ila yeye alipiga pia enanga, ule ubao uliochongwa kama sinia refu na kutandazwa nyuzi juu yake. Walimwita kwenye harusi hadi Mabira. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo, na ilipopanda juu ungedhani inakatika, halafu haikatiki. Niliipenda sana, ingawa wakati huo nisingekubali kusema hivyo mbele ya wenzangu.

Mwaka huo koo likaanza kumsumbua. Hospitali wakasema lazima apasuliwe, na kwamba baada ya hapo hataweza kusema tena. Dada yangu Kemilembe alikuwa amechumbiwa na kijana wa Nkwenda, na harusi ilipangwa baada ya mavuno ya kahawa. Kwetu binti anapoagwa hupakatwa na baba yake, naye humpa baraka. Baba alikuwa amejiwekea nadhiri ya kumwimbia dada baraka hizo. Akaniita.

"Koku, hiyo mashine yako inaweza kunitunzia sauti?"

"Inaweza, Baba."

Tulirekodi alasiri moja, baada ya kuwafukuza kuku uani. Alikohoa, akaanza upya mara mbili. Aliimba kwa Kinyambo, lugha yetu, akimtaja dada kwa jina, akimtaja mama, akiwataja bibi zetu waliotangulia. Alipomaliza aliufuta ubao wa enanga kwa kiganja chake, taratibu, akaniambia, "Itunze." Wiki iliyofuata alipelekwa hospitali.

Nami nikabaki na ile sauti, na hapo ndipo nilipokosea. Programu ya kurekodia ilikuwa na kipimo kinachoonyesha kila nota imekaa wapi ukilinganisha na kinanda. Iliyokaa sawa ilikuwa kijani, iliyotoka nje ilikuwa nyekundu. Za baba karibu zote zilikuwa nyekundu. Niliumia. Nilidhani ni ugonjwa umemharibu, tena na nyuzi za enanga zimelegea. Kwenye kwaya ya kanisani tulikuwa tumefundishwa kwamba asiyefuata kinanda amepotoka, na mimi sikutaka baba yangu achekwe na wageni. Kwa siku nne nilizivuta nota zake moja moja hadi zikawa kijani, nikaiondoa na mikwaruzo. Kisha nikahifadhi kazi yangu juu ya ile ya kwanza, kwa jina lile lile. Sikuona sababu ya kutunza kosa.

Siku ya kumuaga dada, uani palijaa watu. Wazee walitafuna punje za kahawa kavu, akina mama walikuwa wamefunga vitenge vya sare. Baba, shingo yake imefungwa kitambaa cheupe, alimpakata Kemilembe. Nikabonyeza. Sauti ikatoka kwenye spika, safi, imenyooka, kila nota mahali pake. Akina mama waliokuwa tayari kuitikia wakafungua midomo, wakakosa pa kuingilia. Mama akageuka.

"Huyu anayeimba ni nani?"

Baba alinitazama, kisha akajipiga kifuani kwa kiganja, mara mbili. Kana kwamba anasema: ni mimi. Watu wakapiga vigelegele, dada akalia, na mimi nikavimba kichwa kwa furaha.

Tangu hapo, kila nikirudi likizo kutoka shule ya bweni na mgeni akaja, baba aliashiria kwa kidole nilete kompyuta. Tuliusikiliza wimbo ule mpaka mwisho, yeye akitikisa kichwa kuufuata. Niliwaambia wenzangu bwenini kwamba baba yangu ameipenda kazi yangu.

Miaka ilipita kabla sijaelewa kwamba nyuzi za enanga hazikuwa zimelegea. Enanga ina ngazi yake ya sauti, isiyo ya kinanda, na koo la baba lililelewa humo. Siku hizi natumia programu zile zile, nami najua kuviambia visanduku vifuate ngazi ya enanga badala ya kinanda. Nimejaribu kumrudisha baba kwa njia hiyo. Haiwezekani, kwa sababu nilichofuta hakikubaki popote.

Mwaka jana tulimzika. Siku chache baadaye nilikuwa nikimenya ndizi na mama, nikamwambia naweza kumwekea ule wimbo kwenye simu, ausikilize akimkumbuka.

"Huo siutaki," akasema, bila hasira. "Yule si mume wangu."

Nilishtuka. "Lakini Baba aliupenda, Mama. Aliuomba kila mara."

Mama akaweka kisu chini. "Nilimwambia, mchelea mwana kulia hulia yeye. Akatabasamu tu. Aliuomba ukiwepo wewe, mwanangu. Ukirudi shule, kompyuta ikibaki hapa hapa, hakuuomba hata siku moja."